Nilivyolifuta Jina la Wankyo

Kama gazeti hili limekufikia leo likiwa limefungiwa samaki wa furu pale sokoni Mwigobero, na za nyuma hukusoma, usijali. Nitakuvusha kwa maneno machache.

Naitwa Burito. Kazi yangu ni kuuza. Nilisimama nyuma ya kaunta ya Mhindi mmoja hapa Musoma kwa miaka kumi na moja, nikiuza vitenge, chemli na sufuria, mpaka tajiri alipofunga duka akaondoka na mimi nikabaki na funguo za mlango usio wangu. Walionifuata tangu mwanzo wanajua nilivyokaa bila kazi, nilivyouza hadi kitanda nilicholalia, na jinsi kampuni moja ya umma ilivyoniokota ili niwafundishe wanafunzi wa chuo cha biashara kazi ya kuuza. Waliletwa watatu. Mmoja alitoroka wiki ya kwanza. Wa pili nilimfukuza mwenyewe kwa ulevi. Akabaki Jeska.

Habari ya Jeska nimeikwepa kwa majuma sita. Nimewasimulia kila balaa lililonipata, isipokuwa lile nililolileta mimi. Leo sina tena pa kukwepea.

Jeska alikuwa binti wa mkulima wa pamba wa Guta, kule Bunda. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na alitaka kuwa afisa masoko. Alilisema hilo bila haya, wakati ambao kuuza kwenyewe kulikuwa kunatazamwa kwa jicho baya. Ofisini kwetu hatukuuza, tulisambaza. Meneja alinikanya mara mbili mbele ya watu kwamba taifa halijengwi na wachuuzi. Nilimvuta Jeska pembeni nikamwambia wasambaze wanavyotaka, lakini kitu kisichotakiwa na mtu kitalala ghalani tu.

Alicheka, akaandika kwenye daftari. Kila nilichosema alikiandika. Sijawahi kuaminiwa na mtu kiasi kile, na laiti asingeniamini.

Ilikuwa mwaka 1974, mwezi wa nane. Plau arobaini za kukokotwa na maksai zilishushwa ghalani, na amri ikaja kwamba zipelekwe vijiji vipya vya ujamaa upande wa Butiama. Tatizo ni kwamba watu ndiyo kwanza walikuwa wanahamishwa. Mtu amebomoa nyumba yake juzi, shamba jipya hajaonyeshwa, halafu unamwambia anunue plau. Akalime wapi, kichwani?

Meneja aliniita. Akasema plau zikirudi hata tano tu, atakiandikia chuo kwamba mafunzo yameshindikana. Jeska atarudi Guta bila cheti, na mimi nitarudi kwenye benchi nililotoka.

Tukapanda lori.

Kuwauzia watu wa ng'ombe kuna adabu zake. Huku kwetu ng'ombe wa mtu hawahesabiwi kwa mdomo, maana ukiwahesabu unawaitia kifo. Sasa fomu yetu ya mnunuzi, iliyotungwa na mtu wa mbali, ilikuwa na mstari unaouliza idadi ya ng'ombe. Siku ya kwanza Jeska alimsomea mzee mmoja swali lile kama lilivyo. Mzee alinyanyuka, akachukua kigoda chake, akaingia ndani, na hatukumwona tena.

Nilimuuliza Jeska kama hakuujua mwiko ule. Alisema aliujua, ila alidhani fomu imeuzidi mwiko.

Nikamfundisha aulize maziwa. Nyumba hii asubuhi inajaza vibuyu vingapi? Siku ya tatu alikuwa amenipita mwalimu wake. Alikuwa anauliza, ng'ombe wakianza kutoka zizini, mama anamaliza kufagia uwanja kabla hawajaisha au baada? Wazee walicheka, wakajibu, na yeye akapata hesabu yake bila mtu kuhesabu. Wale waliosema hawajui watalima wapi aliwaambia shamba linaweza kuhamishwa na serikali, lakini plau itahama na mwenyewe.

Kwa siku nane tuliuza thelathini na moja. Nilimwonea fahari, na wivu kidogo.

Ya thelathini na mbili aliinunua Wankyo.

Alikuwa mama wa kama miaka sitini. Alikuwa amelipeleka dume lake la ng'ombe mnadani kwa ajili ya plau ile, na aliigonga kwa kidole akaisikiliza kabla hajasema ameipenda. Uwanjani kulikuwa na mwanamke kijana, Nyamburi, na watoto wake watatu. Na palikuwa na mwanamume amekaa kwenye kigoda, anakunywa maziwa ya mgando bila haraka. Huyo ni Keraryo. Mimi nilikuwa nabishana na dereva kuhusu gurudumu, fomu nikamwachia Jeska.

Tukiwa njiani kurudi nikazipitia fomu za siku ile. Kwenye mstari wa mkuu wa kaya Jeska alikuwa ameandika Wankyo.

"Hii umeikosea," nikamwambia. "Mkuu wa kaya ni yule aliyekuwa anakunywa maziwa."

"Hapana, mwalimu. Niliuliza. Yule anakujaga tu. Mwenye nyumba ni yule mama, na yule dada ni mke wake. Amemtolea ng'ombe kumi na mbili."

Msomaji wa mbali huenda ukashangaa. Huku Mara mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe, anamleta msichana nyumbani kwake, na watoto atakaowazaa yule msichana ni wa mama yule, kwa jina na kwa mali. Mwanamume anayezaa naye hana lake pale. Anakuja, anakula, anaondoka. Wakurya wanaiita nyumba ntobu, na mtoto wa huku hahitaji kuelezwa.

Mimi ndiye niliyekuwa sihitaji kabisa kuelezwa.

Hata hivyo nilimjia juu. Nilimwambia ofisini kuna watu wa mikoa mingine. Meneja akisoma kwamba mama ana mke atacheka, akimaliza kucheka ataitupa fomu, na cheti chake kitakwenda na ile fomu. Karatasi inataka mwanamume, nikasema, basi ipe mwanamume.

"Lakini ni uongo, mwalimu."

"Ni biashara."

Nilichana fomu ile nikaitupa barabarani. Nikampa nyingine. Alikaa nayo mapajani muda mrefu, lori linaturusharusha, kisha akaandika Keraryo kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni. Kwenye daftari lake hakuandika kitu siku ile.

Sasa nawaambia jambo ambalo hata mke wangu hakuwahi kuambiwa.

Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya namna ile. Aliyemwoa mama yangu alikuwa mwanamke, Miriamu, kwa jina lake la ubatizo. Ndiye aliyenibeba nikiugua surua. Ndiye aliyeuza mtamba wake ili niingie shule ya misheni. Siku ya kwanza darasani mwalimu aliniuliza jina la baba, nikajibu kwa sauti, Miriamu. Mwalimu yule alikuwa mgeni wa huku, akacheka. Darasa zima likacheka naye, hata waliojua. Kesho yake aliponiuliza tena nikasema Mwikwabe. Mwikwabe alikuwa mwanamume aliyezoea kuja kwa mama, na akiwa na furaha alinipa kipande cha muwa.

Tangu siku hiyo cheti changu cha shule, kadi ya chama, barua ya kazi, vyote vinasema Burito mwana wa Mwikwabe. Miriamu aliwahi kuniuliza mara moja tu kwa nini. Nikamwambia ndivyo karatasi zinavyotaka. Alipofariki nilimchongea msalaba wa mninga, na juu yake nikaandika Bibi.

Kwa hiyo nilipomwambia Jeska amfute Wankyo, sikuwa nabahatisha. Kazi hiyo nilikuwa na uzoefu nayo.

Plau zote arobaini zikaisha. Meneja alinipa mkono mbele ya makarani. Ripoti ya Jeska ikapigwa chapa, ikabaki kuwekewa sahihi ya Meneja tu. Nilianza kuamini kwamba mikosi imenichoka ikaenda kutafuta mtu mwingine.

Mwezi wa kumi na moja, Jumatatu asubuhi, Wankyo akaingia ofisini.

Alikuwa amelala njiani siku moja. Alikaa kwenye benchi la wageni, akasema anamtafuta binti aliyemwandika. Jeska akatoka kwa furaha kumsalimia, akidhani plau imeharibika. Akapiga magoti kidogo, akamwamkia. Mama akaitikia, akamshika mkono na hakuuachia.

Alieleza polepole. Katibu wa kijiji alipogawa viwanja hakuwa na orodha iliyokamilika. Orodha ya wanunuzi wa plau, iliyotoka ofisini kwetu, ndiyo karatasi pekee iliyokuwa imepigwa chapa, na siku zile karatasi iliyopigwa chapa ilikuwa haibishiwi. Keraryo akaitwa mbele ya watu, akapewa kiwanja na nyumba kama mkuu wa kaya. Nyamburi akaandikwa mke wa Keraryo. Watoto wakaandikwa wa Keraryo. Ilipofika zamu ya Wankyo, karani akauliza yeye ni nani kwa Keraryo. Neno la kumwita halikupatikana. Akaandikwa mgeni.

"Ng'ombe kumi na mbili nimetoa mimi," akasema. "Plau nimenunua mimi. Sasa nimeambiwa mgeni hakaagi nyumba ya mtu mpaka achokwe. Mwisho wangu ni Jumapili. Nimekuja kuuliza tu, ni nani aliniandika hivyo?"

Meneja alikuwa amesikia sauti akatoka. Alitaka faili. Fomu ikatolewa, ikawekwa juu ya meza.

"Mwandiko wa nani huu?" akauliza.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka mezani. Jeska aliutazama mwandiko wake. Kisha akanitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira, alikuwa ananingoja. Nilijishughulisha na kifuniko cha chupa ya wino.

"Ni wangu," akasema Jeska.

Nilikuwa nimemfundisha kwamba mbele ya mteja muuzaji hamsingizii mwenzake, mzigo anaubeba yeye. Katika masomo yangu yote ndilo nililotamani alisahau, na ndilo alilolishika.

Nami nilinyamaza. Nalirudia ili asije mtu akasema sikumwambia. Nilinyamaza, na Wankyo akauachia mkono wa binti yule kama mtu aliyeshika chungu cha moto.

Meneja hakupiga kelele. Alisema ripoti haitasainiwa. Alisema Alhamisi kuna baraza la kijiji, mimi na mwanafunzi wangu twende tukasafishe uchafu wetu, na baraza lisiporidhika yeye ataandika chuoni kwamba Jeska ameghushi. Neno hilo alilisema taratibu, na mtu akishaandikiwa neno hilo hakuna ofisi nchini itakayompa hata kazi ya kufagia.

Alhamisi alfajiri tulisafiri nyuma ya lori, watatu, tumekaa juu ya magunia ya chumvi. Jeska alichagua gunia la mbali nami. Wankyo alifunga kichwa kwa khanga kukinga vumbi. Nilijaribu kuwaza maneno ya kulipooza baraza, na kila neno nililoliokota lilikuwa neno la kuuza.

Mwishowe nikashindwa kuvumilia. Nikamgeukia Wankyo nikamwambia yote. Kwamba aliyemwandika Keraryo ni mimi kwa mkono wa Jeska. Kwamba mimi mwenyewe ni mtoto wa nyumba kama yake. Nikamweleza habari ya Miriamu, ya darasa, ya Mwikwabe na muwa wake, mpaka ya msalaba. Machozi yalinitoka. Nadhani nilitegemea atanihurumia, maana ni mama, na mimi siku zote nimelelewa na mama.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe ulijua," akasema.

Nikainamisha kichwa.

"Mimi nilifikiri ni watu wa mbali, hawajui mambo yetu. Asiyejua nilikuwa nimeshamsamehe tangu nyumbani, mwanangu. Nilikuja tu anitengenezee." Akakaza khanga yake. "Wewe ulijua."

Jeska alikuwa amegeuza uso pembeni, lakini alikuwa amesikia kila kitu.

Baraza lilikuwa limejaa. Katibu alikuwa kijana mwenye adabu, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Alitukaribisha vizuri, akaniita mtaalamu. Aliniomba nieleze, nami nikasimama nikasema kwamba mwanafunzi wangu aliandika sawasawa mara ya kwanza, na kwamba ni mimi niliyemwamuru abadilishe. Minong'ono ikapita. Nilijisikia mwepesi, kwa dakika moja hivi.

Keraryo akasimama. Nilikuwa nimejiandaa kupambana na mtu mwenye tamaa, lakini alinivunja nguvu kwa upole wake.

"Mimi sikuomba kuandikwa," akasema. "Nimeitwa mbele ya watu, nikapewa. Miaka tisa nimeingia nyumba ile kama mwizi wa kuku, watoto wangu wananiita mjomba. Leo serikali imenipa mlango. Nirudi nyuma? Nani kati yenu angerudi?"

Katibu akaona njia ya mkato. Akamwita Nyamburi aseme mwenyewe, mume wake ni nani.

Nilifurahi. Nilijua atasema. Wankyo naye alijua, maana alinyoosha mgongo kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Nyamburi alisimama akiwa amembeba mtoto wa mwisho. Alianza kwa kumshukuru Wankyo. Alisema alimtoa kwao akiwa hana nguo ya pili, akamlisha, hajawahi kumpiga wala kumtukana. Kisha akaendelea akiwa anatazama miguu yake.

"Lakini mwanangu mkubwa alikuwaga anachekwa shule. Kila siku anarudi analia. Wiki iliyopita wamemuita jina, na jina la baba, na hakuna aliyecheka. Amekuja ananiambia, mama, leo hawajacheka." Akafuta uso kwa mkono. "Mniachie hivyo hivyo ilivyoandikwa."

Sikujua niangalie wapi. Mtoto yule alikuwa mimi, na maneno aliyomletea mama yake ni yale ambayo na mimi ningemletea wangu. Kulikuwa na mtu mmoja tu barazani ambaye angeweza kumwambia Nyamburi jina lile litakuja kumgharimu nini yule mtoto. Nilikaa kimya kwenye benchi langu.

Wankyo hakulia. Alimuuliza mke wake swali moja.

"Na mimi nitakula kwa nani?"

Nyamburi alikaa chini akamfunika mtoto kwa khanga, ingawa jua lilikuwa kali na mtoto hakuwa na baridi.

Katibu alijikuna shingo. Alisema maneno ya mdomo hayafiki wilayani. Orodha imeshapelekwa, na kitakachoirudisha ni maelezo ya maandishi ya mtu aliyejaza fomu, yenye sahihi yake, akikiri kwamba alijaza uongo na akitaja mkuu wa kaya wa kweli. Alinionya kama ndugu kwamba mtu atakayesaini maelezo hayo atakuwa na kesi ya kujibu. Akaongeza jambo jingine. Orodha ikirudishwa, kaya ile itafutwa hadi ijadiliwe upya, na watoto watatu watatoka kwenye daftari la shule pamoja nayo. Isiporudishwa, Jumapili Wankyo anaondoka.

Basi niliona pande zote mbili, na pande zote mbili zilikuwa ukuta. Nikisaini, watoto wa Nyamburi wanarudi kuchekwa. Nisiposaini, mama wa miaka sitini anatoka na khanga yake kwenye kaya aliyoijenga kwa ng'ombe wake. Na chochote nitakachofanya, ni mimi niliyewafikisha pale wote.

Nilisema nitasaini. Niliutazama mgongo wa Wankyo nikaona ule wa Miriamu, ndiyo sababu, sina nyingine.

Karatasi ikaletwa. Niliifungua kalamu, nikaifunga, nikaifungua tena. Jeska akasogeza kiti, akaichukua kalamu bila kuniomba ruhusa. Yalikuwa maelezo ya kawaida ya ofisi, yenye mistari mitatu juu kabla hujaanza kueleza.

Aliandika jina langu. Aliandika kazi yangu. Akafika kwenye mstari wa tatu akasita.

"Jina la baba niandike nani, mwalimu?"

Aliuliza kwa sauti ndogo, nisikie mimi tu. Lakini baraza lilikuwa kimya, na swali likawafikia hata waliokaa mwisho. Wankyo akainua uso. Nyamburi naye akainua uso.

Jina la Miriamu lilikuwa mdomoni mwangu. Lilikuwa jepesi, ni silabi nne tu. Kama ningelitamka pale, Nyamburi angeona mtu mzima aliyelelewa na nyumba kama yake amesimama mbele ya watu wote na hajafa kwa aibu. Pengine angebadili neno lake. Wankyo angesikia mtoto mmoja duniani akimkubali baba wa namna yake.

Halafu nikaanza kupiga hesabu zangu za muuzaji. Cheti cha shule kinasema Mwikwabe. Kadi inasema Mwikwabe. Barua ya kazi inasema Mwikwabe. Mtu aliyeghushi fomu moja anaweza kuombewa msamaha. Mtu aliyeghushi baba yake kwenye kila karatasi ya maisha yake ataombewa na nani?

"Mwikwabe," nikasema.

Wankyo alirudisha uso wake chini.

Jeska aliiweka kalamu juu ya meza. Kisha akaikunja ile karatasi iliyoandikwa nusu.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Hiyo siandiki mara ya pili."

Akasimama, akaigeukia meza ya Katibu.

"Ndugu Katibu, umesema yanatakiwa maelezo ya mtu aliyejaza fomu. Fomu ile ina mwandiko wangu."

Katibu alimtazama kwa huruma. Alimuuliza kama ameelewa vizuri, kwamba akisaini kesi inakuwa yake, si ya mwalimu, na cheti chake cha chuo ndiyo akisahau.

"Nimeelewa," akasema Jeska.

Akasogezewa karatasi mpya. Akakaa, akaandika jina lake, akaandika mwanafunzi, akaandika jina la baba yake, mkulima wa pamba wa Guta, kwa haraka, bila kufikiri, kama mtu asiye na cha kuficha. Nilikuwa na muda wa kutosha kusimama nikamzuia. Akaanza mstari wa nne, na mimi nilikuwa bado nimekaa.